Krismasi inakuja na mikono yangu ni mitupu

Shikamoo mama,

Nimeisoma safu yako miaka mingi na sikudhani kwamba siku moja nitakuandikia. Nina miaka 31, nimeolewa, na kanisani kwetu nafundisha shule ya Jumapili. Igizo la Krismasi la watoto nalisimamia mimi kila mwaka. Nawagawia nafasi, nawakaririsha maneno, nawashonea malaika mabawa. Katika kazi zote za kanisa, hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda zaidi.

Mwezi Juni mwaka huu nilijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Siku mbili kabla ya hapo sikumsikia akicheza, nikajipa moyo kwamba amelala. Nesi alimfunga kwenye kitambaa cheupe akanipa nimpakate. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nilikaa naye, hata leo sijui kama ni dakika tano au saa nzima, kisha wakaja kumchukua. Mume wangu na ndugu zake walienda kuzika mimi nikiwa bado kitandani.

Watu walikuja, nawashukuru, lakini maneno yao yamenibaki mwilini kama miiba. Huyu anasema bado ni kijana, nitapata mwingine. Yule anasema Mungu amempenda zaidi. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri nichunguze imani yangu. Baada ya wiki mbili kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, na mume wangu akasema tusilizungumze tena kwa sababu tutajiumiza bure. Jina tulilomchagulia mtoto wetu halijatamkwa nyumbani tangu siku ile.

Sasa Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazoezi. Binti anayeigiza Mariamu, wa miaka tisa, alinijia na mdoli na kipande cha shuka jeupe. "Mwalimu, nifungie, mimi nashindwa." Nikamfungia. Mama, mikono yangu ilijua yenyewe la kufanya. Nilipofika kwenye ile ncha ya mwisho inayokunjwa chini ya kidevu, nikashindwa kumwachia. Mtoto wa watu amenyoosha mikono apokee mdoli wake, mimi nimeukumbatia. Mwishowe nilimpa, nikatoka nje nikazunguka nyuma ya kanisa, nikalia mpaka niliposikia wanaanza kuniita.

Igizo letu linaishia kwa malaika kutangaza "habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote." Ninayewafundisha kuyasema maneno hayo kwa uso wa furaha ni mimi, na najiona mwongo. Hao watu wote ni akina nani ikiwa mimi simo? Nikipiga magoti naishia kumuuliza Mungu: Mwanao ulimlinda akiwa amelala kwenye hori la ng'ombe, wangu aliyezungukwa na madaktari ukamwacha, kwa nini? Halafu naogopa kwamba nimethubutu kuuliza.

Je, ndiyo nimepoteza imani? Wifi yangu ananiambia nikijiondoa kwenye igizo nitakuwa nimempa Shetani nafasi. Na hata jina la kuitwa sina tena. Walioanza kuniita mama fulani tumbo lilipokuwa kubwa, sasa wakinisalimia wanababaika.

Mwalimu wa Watoto

*

Marahaba, mwanangu.

Pole. Pole sana kwa kufiwa na mwanao. Nasema kufiwa kwa sababu ndilo neno lake, na nina wasiwasi kwamba katika miezi hii yote hakuna aliyekuambia hivyo waziwazi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kwenye ncha ya kitambaa chini ya kidevu.

Niseme kwanza kuhusu yale maneno ya watu, nisije nikayaacha yaendelee kukuchoma. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba Mungu humchukua anayempenda. Nilikuwa kijana na nilidhani namfariji. Alikuwa anakunja vinguo vya mtoto, hakunijibu, akaendelea kukunja kimoja baada ya kingine mpaka nikaaga. Nimejuta tangu siku ile, na ninaamini hata wengine kati ya waliokuambia wewe hivyo watajuta. Kuhusu yule mzee wa imani, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, ni yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Iko katika Yohana 9. Hukutenda kosa lolote ambalo mwanao alikufa kwa ajili yake. Na wakija kukuhubiria habari za Elisabeti aliyepata mtoto uzeeni, mpokee Elisabeti kama mwenzako aliyeonja machozi, ila usikubali mtu yeyote akugeuzie habari yake kuwa hati ya ahadi yenye tarehe. Sikuahidi mtoto mwingine. Sina mamlaka hayo, na hata ukimpata, hatakuwa huyu.

Lakini kuna jambo kwa Elisabeti nataka ulione. Mariamu alipofika kumsalimu, mimba ya Elisabeti ilikuwa ya miezi sita. Luka anasema kitoto kichanga kikaruka kwa shangwe tumboni. Ina maana kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kumfurahia Yesu yumo mmoja ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Na neno la Kigiriki ambalo Luka anamwitia huyo wa tumboni, brephos, ndilo lile lile analomwitia Yesu akiwa horini. Hatofautishi. Aliyekuwa anacheza tumboni mwako alikuwa mtu, Mungu alimjua, na wewe ni mama yake. Daudi alipofiwa na mtoto wake mchanga alisema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Nakuachia hayo bila kuyaongezea chumvi.

Tuje kwenye swali unaloliogopa. Unadhani umetamka kufuru, kumbe umeuliza swali ambalo limo ndani ya habari yenyewe ya Krismasi, ila maigizo yetu hukatishwa kabla ya kulifikia. Fungua Mathayo 2 usome mpaka mwisho. Mamajusi wakishaondoka, Yusufu anaonywa usiku, anamchukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Wengine hawakuonywa. Herode akaua watoto wa kiume wa Bethlehemu na viunga vyake, wa miaka miwili na waliopungua. Katika mji ule ule ulioimbiwa na malaika kulikuwa na akina mama ambao wangeweza kuuliza neno kwa neno ulilouliza wewe: wa Mariamu amepona, wetu je? Mathayo hawajibu kwa hoja. Anachukua maneno ya Yeremia na kuwaachia nafasi ya kulia: Raheli anawalilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Hakuna anayemkemea Raheli kwamba imani yake ni ndogo. Makanisa mengi yameweka siku ya kuwakumbuka watoto hao tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, kabla hata mapambo hayajashushwa. Waliopanga hivyo walijua kwamba mtu kama wewe atakuwepo kanisani.

Hata hivyo kuna sehemu moja ya swali lako ambayo sikubaliani nayo. Unasema Mungu alimlinda Mwanawe. Alimlinda usiku ule, ndiyo. Paulo anamwita Mungu "yeye asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote." Yule mtoto aliyepelekwa Misri alikua mtu mzima, na mama yake akasimama chini ya msalaba akimtazama. Simeoni alikuwa amemwambia mapema, mtoto akiwa bado wa kubebwa, kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Kwa hiyo Mungu unayemuuliza si mzazi aliyeokoa wa kwake akakuacha wewe na wa kwako.

Na hapa nataka nirudi kwenye kile kitambaa, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifanya nikione. Mimi nimeisoma Luka 2 tangu utotoni nikapita tu juu ya "nguo za kitoto" kama kitu cha kawaida. Baada ya barua yako nimeisoma Injili ya Luka yote kwa mkao mmoja, natafuta vitambaa. Cha kwanza ni hicho: Mariamu anamzaa mwanawe, anamvika nguo za kitoto, anamlaza horini. Cha pili kiko sura ya 23. Yusufu wa Arimathaya anaushusha mwili msalabani, anauzinga sanda ya kitani, anauweka kaburini. Mtu anafungwa, mtu analazwa. Mungu aliyefanyika mwili hakuishia kwenye kitambaa cha furaha. Aliingia na katika kile cha pili, ambacho nesi alikukunjia wewe mwezi Juni. Hakuna mtoto aliyefungwa kitambaa cheupe ambacho Yesu hakutangulia kufungwa. Halafu sura ya 24, Petro anakimbia kaburini, anainama, anachungulia, anaona vitambaa tu. Aliyekuwa ndani yake hayumo.

Sasa tafuta "furaha kuu." Malaika anaitangaza kwa wachungaji katika sura ya 2. Baada ya hapo utaikuta tena mwishoni kabisa, katika 24:52, wanafunzi wanaporudi Yerusalemu "wenye furaha kuu." Maneno ni yale yale mawili, huku na huku. Kilichoko katikati ni kuomboleza, kusalitiwa, kusulubiwa, na Jumamosi moja ndefu ambayo hakuna aliyejua la kufanya. Mwanangu, mimi naona wewe uko katika ile Jumamosi. Furaha ya Krismasi iliyo kweli ni ile iliyopita katika sanda na kutokea upande wa pili, na kwa sababu hiyo haitakuvunjikia mikononi ukiibeba na machozi.

Umesema unajiona mwongo. Yatazame vizuri maneno ya malaika unayowafundisha watoto. Hakuwaambia wachungaji wachangamke. Aliwakuta wana hofu kuu, akawaambia msiogope, ninawaletea habari. Habari ni ya kweli hata kama moyo wa anayeipeleka umevunjika, kama tarishi anayebeba barua ya harusi ya watu huku nyumbani kwake kuna msiba. Barua haigeuki kuwa ya uongo mkononi mwake. Ungekuwa mnafiki kama ungejifanya moyo wako umeshafika mahali ambapo haujafika, na wewe hujajifanya. Umeniandikia mimi, na umelia nyuma ya kanisa. Wachungaji nao hawakupewa furaha papo hapo kama sindano. Waliondoka wakaenda, wakamtafuta, wakamkuta. Kwao furaha ilikuja baada ya kumwona. Ndiyo maana sikushauri uitafute furaha. Mtafute yeye, na hasira zako zote uende nazo. Zaburi zimejaa watu waliomuuliza Mungu "hata lini?" na hakuna aliyefukuzwa.

Kuna barua ambayo husomwa sana ikifika habari ya furaha, Wafilipi, na mstari wake unaujua: "Furahini katika Bwana sikuzote." Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni. Kinachosahaulika ni kwamba katika barua hiyo hiyo anamtaja mwenzake Epafrodito aliyeugua karibu kufa, na anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na Paulo mwenyewe pia, Paulo asije akawa na "huzuni juu ya huzuni." Ina maana huzuni moja tayari alikuwa nayo. Sura inayofuata anasema anaandika kwa machozi. Furaha sikuzote, huzuni na machozi vyote vimo katika barua fupi ya sura nne, na mwandishi haoni haja ya kuomba radhi. Anafurahi katika Bwana, yaani mizizi yake iko huko, hata majani yakinyauka. Mtu anaweza kukaa benchi moja na huzuni yake na bado akashikwa mkono na Mungu.

Sasa igizo. Kama unaweza kuendelea, endelea, lakini kazi ya mdoli mpe mwingine. Mwambie mwalimu mwenzako mmoja unayemwamini sababu yake halisi, usitafute kisingizio. Si lazima hata mdoli uwepo. Francis wa Assisi, yule mtawa, alipoandaa hori la Krismasi pale Greccio, Italia, mwaka 1223, vitu alivyoagiza viandaliwe ni hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, kwa kuwa alitaka kuona kwa macho jinsi mtoto yule alivyokosa mahitaji. Hori tupu lenye nyasi linaweza kuhubiri vizuri sana. Na ikiwa huwezi kabisa mwaka huu, kaa nyuma kanisani na uwatazame watoto, au usiende mazoezini hata kidogo. Wifi yako namheshimu, ila kupumzika si kumpa Shetani nafasi. Ninachokuomba ni usijitenge na watu wa Mungu kabisa, kwa sababu "lieni pamoja nao waliao" ni amri waliyopewa wao, na hawawezi kuitii kama unalia peke yako nyuma ya ukuta.

Wala usijiwekee tarehe 25 kama siku ya mtihani. Biblia haikutaja siku aliyozaliwa Bwana. Kumbukumbu ya zamani inayojulikana ya kuiadhimisha tarehe 25 Desemba ni ya Roma, mwaka 336, na yako makanisa ya Mashariki yanayoiadhimisha kwa kalenda ya zamani ambayo kwa kalenda yetu huangukia tarehe 7 Januari. Makanisa mengi ya Magharibi yanayofuata kalenda ya liturujia huanza na Majilio, majuma manne ya kungoja gizani, na Krismasi yenyewe huendelea hata baada ya siku yake. Hakuna atakayesimama mlangoni usiku wa mkesha akupime furaha. Ikikujia Februari, itakuwa ya Krismasi vile vile.

Mume wako. Nadhani ananyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyekibeba kile kitambaa kwenda kaburini, na hajui aanzie wapi kukueleza. Usimvamie na lawama. Chagua jioni tulivu kabla ya sikukuu, umwambie, "Nataka unieleze siku ile mlivyomzika." Hukuwepo, na una haki ya kujua mahali alipolala mwanao, ardhi ilikuwaje, nani aliomba. Msikilize mpaka mwisho hata akikatika katikati. Halafu mwombe Mungu nyote wawili, na katika sala hiyo mmoja wenu amtaje mtoto kwa jina lake. Itauma. Lakini jina lisilotamkwa linakuwa kama chumba kilichofungwa ndani ya nyumba. Kila mtu anapita akikwepa mlango.

Jambo lingine nakuomba usilichukulie juujuu. Kama usingizi umekupotea wiki nyingi, chakula hakipiti, au unapata mawazo kwamba afadhali na wewe usingekuwepo, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha wiki hii hii, usingoje sikukuu ipite. Huzuni ya baada ya kujifungua inaweza kugeuka ugonjwa, hata kwa mama ambaye mtoto hakubaki naye, na ugonjwa huo unatibika. Kwenda hospitali hakupingani na maombi.

Kuhusu jina la kuitwa, mimi sitababaika. Jina la mwanao hukuniandikia, na nadhani ni kwa sababu hata kalamu haijalizoea. Sikukuu ikipita, niandikie tena hata mistari miwili. Niambie aliitwa nani, ili nijue kukusalimia.

Mama yako katika Kristo